Kibao cha Kupandia Tuktuk

Kilichoninyima usingizi si uongo wenyewe. Uongo nilikuwa nimeuandaa vizuri. Niliugeuza huku na huku kama mtu anayechagua embe sokoni, nikajua nitajibu nini nikiulizwa hivi na nitajibu nini nikiulizwa vile. Kilichonikosesha usingizi ni kwamba sikuulizwa mimi. Aliulizwa ndugu yangu, naye akajibu kwa niaba yangu.

Bibi, mzaa mama, alikuwa kitandani, goti lake la kulia limevimba, tumeliinua juu ya mto. Ndugu yangu alikuja kumjulia hali baada ya swala ya Ijumaa, na bibi akamuuliza, "Haya, na huko Ukunda jana ulipata kazi ya maana?"

Hakuwa amekwenda Ukunda. Safari ya Ukunda niliitunga mimi. Alinitazama mara moja, si kwa mshangao wala kwa ukali, kisha akamgeukia bibi na kusema, "Alhamdulillahi, bibi. Haikuwa mbaya."

Akamenya machungwa aliyomletea, akazungumza mengine, akaenda zake. Mimi nikabaki na maswali. Je, alinifichia kwa huruma? Au alinifichia ili nijue kwamba anaweza kunifichia? Na bibi je, aliuliza kwa sababu hajui, au kwa sababu ajua? Nililala na maswali hayo siku kumi na mbili. Kliniki ya bibi huwa Alhamisi, kila baada ya wiki mbili, na nilijua Alhamisi ile ikifika itabidi mmoja wetu ampeleke.

Huyu ndugu yangu ni binti wa mama mdogo. Alinitangulia kuzaliwa kwa siku arobaini kamili. Siku aliyotolewa nje kwa mara ya kwanza, watu wamekaa wanangoja pilau, ndiyo siku mama yangu aliposhikwa na uchungu, na sherehe yake ikavunjika. Bibi akitaka kunitania husema, "Huyu alizaliwa kwa wivu. Alisikia mwenziwe apikiwa, akashindwa kungoja." Watu hucheka. Mimi pia hucheka, halafu nikiwa peke yangu huifikiria kauli ile mpaka ikanichosha.

Tulilelewa pamoja kwa bibi, Likoni. Mama zetu walifanya kazi kiwandani Changamwe. Waliondoka alfajiri na kurudi wamechoka, hawana la kusema. Shuleni nilimshinda. Yeye aliacha masomo kidato cha tatu, mimi nikaenda chuo kikuu Nairobi. Mtu akitutazama kwa mbali angedhani yeye ndiye mwenye sababu ya kunionea wivu. Lakini wivu ulikuwa wangu, na haukuwa wa kazi yake, ingawa yeye ana kazi na mimi tangu nihitimu naandika barua za kuomba kazi. Ulikuwa wivu wa njia.

Njia ninayosema ni ile ya kutoka nyumbani kwetu hadi feri.

Bibi hakuwa mtu wa magari. Alipohamia Likoni akiwa mke mpya, babu alimleta kutoka Mtongwe juu ya baiskeli, amekaa upande kwenye kiti cha nyuma, buibui amelikusanya mapajani lisinaswe na mnyororo. Tangu hapo hakuna chombo kilichompendeza. "Gari lanuka mafuta," alikuwa akisema. "Miguu yangu hainuki kitu." Kwa hiyo akiwa na shughuli ng'ambo, hospitalini au sokoni, tulikwenda kwa miguu mpaka feri, tukavuka, tukapanda mlima wa upande wa pili taratibu. Mimi nilishika ncha ya leso yake. Ndugu yangu alikuwa akitangulia mbio. Tukifika tulimkuta kwenye lango, ameng'ang'ania vyuma, akitazama jinsi feri inavyoteremsha mlango wake.

Njiani palikuwa na mapumziko matatu. La kwanza lilikuwa baraza ya fundi cherehani, la pili kivuli cha mti wa mkungu alipokaa mama wa achari, na la tatu benchi ya muuza maji karibu na feri. Kila tulipokaa bibi alinipa kipande cha hadithi, na kila alipoinuka alikikatiza palepale, hata kama mtu wa hadithini alikuwa ameinua mguu hajautua. Nyingine zilimalizika baada ya safari tatu au nne. Moja haikumalizika kabisa. Ilikuwa ya siku babu aliposhuka feri na gunia lake la nazi, akafika sokoni, ndipo akakumbuka kwamba aliondoka nyumbani na baiskeli. Baiskeli ilibaki ndani ya feri, ikivuka na kurudi peke yake. Kila mara tulipofika hapo, na feri yetu ilikuwa imefika. Bibi husema, "Simama twende." Miaka yote ile sikuwahi kujua kama babu aliipata.

Hadithi zile zilikuwa zangu. Ndugu yangu hakuwa na hata moja. Hilo nililijua tangu utotoni, na nililitunza.

Bodaboda zilipokuja, bibi alizikataa. "Nimkumbatie mgongoni mwanamume nisiyemjua, na umri huu?" Wakati wa korona, lilipowekwa lile daraja la kuelea la watu wa miguu, alikwenda kulitazama akarudi. "Lapumua," akasema. "Daraja halipumui." Mimi haya nilisimuliwa kwa simu, kwa kuwa nilikuwa chuoni. Nilikuwa nikienda na kurudi kwa treni ya Miritini, nikijisifu kwamba nafika Nairobi mchana uleule, na kila nikirudi nilikuta goti la bibi limezidi kidogo.

Kisha siku moja mama akanipigia simu, sauti yake kama ya mtu atoaye habari za mtoto aliyeanza kutembea. "Bibi amepanda tuktuk."

Ilikuwa ya ndugu yangu. Alianza kwa kuosha tuktuk za watu pale steji, kisha akaendesha ya mtu, kisha akapata yake. Katika steji yao mwanamke ni yeye tu. Kwa kuwa bibi alishindwa kuinua goti hadi kwenye sakafu ya tuktuk, ndugu yangu alichukua mbuzi ya kukunia nazi iliyokuwa jikoni haina kazi, maana siku hizi nazi zakunwa kwa mashine dukani. Aling'oa kile chuma chenye meno, akaipigilia misumari miguu isikunjike, ikawa kibao cha kupandia. Bibi akifika, kibao chawekwa chini. Bibi hukanyaga, hupanda, na kibao hurudi chini ya kiti.

Mbuzi ile sote wawili tulijifunzia kukuna. Nina kovu la meno yake kwenye kidole cha shahada. Sikuwahi kuiomba, lakini kichwani mwangu nilikuwa nimekwisha kuirithi. Nilirudi likizo nikaikuta imekuwa kibao, na hakuna aliyedhani ni jambo la kuniambia.

Aliniomba nimtungie maneno ya kuandika nyuma ya tuktuk. "Wewe ndiwe msomi." Nilifikiri juma zima. Nilimpelekea sentensi tatu, kila moja na maelezo yake. Aliandika DUA YA BIBI. Nilipouliza za kwangu zilikuwa na kasoro gani akasema, "Hazina kasoro, dada. Tuktuk ndiyo fupi."

Shahada yangu ni ya mipango ya miji. Mradi wangu wa mwisho ulihusu jinsi watu wa Likoni walivyobadilisha namna ya kusafiri, kutoka miguu na baiskeli hadi mabasi, bodaboda na tuktuk. Nilikaa siku nyingi kwenye banda la feri na karatasi za maswali, nikiwauliza watu kwa nini wameacha kutembea. Mwalimu alisema nimefanya kazi nzuri. Bibi sikumuuliza. Nilidhani majibu yake ninayo.

Nilipohitimu nikarudi nyumbani moja kwa moja, nilikuta bibi ana ulimwengu ambao mimi simo. Alijua ni steji gani ina madereva watukutu. Alijua bei ya taa ya mbele. Ndugu yangu akiingia uani, bibi humtambua kwa mlio kabla sijasikia chochote, akasema, "Yuwaja." Mimi nikiingia, huniuliza, "Nani huyo?"

Jumapili moja waliamua kwenda Chaani kumtembelea mdogo wake bibi. Zamani safari hiyo ilikula siku nzima. Ilibidi kuvuka feri, kukatiza mjini, halafu kupanda gari jingine hadi Changamwe, na bibi alikwisha kuiacha. Walisalimiana kwa simu tu. Sasa kuna barabara ya Dongo Kundu, mtu atoka Likoni akazunguka kwa nyuma bila kugusa feri. Ndugu yangu aliniambia, "Twende, nafasi ipo." Nikasema nina barua ya kazi ya kumalizia. Nilisema hivyo ili nisihiwe. Hawakunisihi. Nilisimama mlangoni nikatazama DUA YA BIBI ikikata kona.

Walirudi kabla ya alasiri. Bibi alikuwa na uso wa mtu aliyetoka harusini. Alisema walisimama juu ya daraja kubwa, upepo ukataka kumvua mtandio, na chini akaona mikoko midogo kama fungu la mchicha. Dadake alilia, akampikia mkate wa sinia. Nilisikiliza nikiwa nimekunja miguu, nikitafuta mahali pa kuuliza swali, nikapakosa.

Baadaye ndugu yangu alikuwa akiosha magurudumu, akaanza kucheka peke yake. "Kumbe babu alikuwa msahaulifu hivyo. Kuacha baiskeli ndani ya feri."

Nikamuuliza ni nani aliyemwambia.

"Bibi. Alinisimulia tukielekea Chaani. Nilicheka hata nikakaribia kupitisha kona." Akanitazama. "Mwisho wake waujua?"

"Naujua," nikasema.

Sikuujua. Miaka kumi na tano nilikuwa nimekatiziwa hadithi ile kwenye benchi ya muuza maji, na yeye aliipata yote kwa safari moja kwa sababu ndani ya tuktuk hakuna kuinuka. Nilikwenda kukaa chumbani. Nakumbuka nilijiambia kwa utulivu kabisa, kama mtu anayepanga ratiba, kwamba njia ile bado yangu, na kwamba bibi akitembea nami tena mara moja tu, ataikumbuka.

Basi Jumatano iliyofuata nilifanya nililofanya. Simu ya bibi huisoma mimi, kwa kuwa macho yake hayaoni herufi. Ndugu yangu aliandika: "Mwambie bibi nitafika saa moja na nusu, inshallah." Nikamjibu kwa simu ileile ya bibi: "Bibi amesema kesho usije." Nikaenda jikoni nikamwambia bibi, "Amesema kesho ana abiria wa Ukunda, hawezi. Nitakupeleka mimi. Twende kwa miguu kama zamani, polepole, tupumzike pale petu."

Bibi alifikiri kidogo. "Goti litakubali?"

"Tutapumzika, bibi."

"Haya," akasema. "Tutapumzika." Wallahi alifurahi. Hilo nalisema kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa ndilo lililonichoma baadaye.

Nilikuwa nimepanga kila kitu isipokuwa kuipita njia yenyewe kuangalia. Tangu nirudi kutoka chuoni, nami nilikuwa nikipanda pikipiki hadi feri kama watu wote. Tulipofika kwenye baraza ya fundi cherehani, baraza haikuwepo. Nyumba imevunjwa mbele ikawa duka la vipuri, na pale tulipokuwa tukikaa pamemwagwa saruji yenye mteremko, pikipiki zimepangwa. Bibi alisimama, akaegemea mkono wangu. Nikasema twende mkunguni. Mkungu ulikatwa. Pana kibanda cha bati cha wenye bodaboda, na kila mmoja wao alituuliza, "Mama, twende?" Bibi akajibu kila mmoja, "Ahsante baba, nina mjukuu." Mara ya nne sauti yake ilikuwa imepungua.

Hakusimulia kitu. Hapakuwa na mahali pa kuanzia. Honi zilikuwa nyingi hata tulipozungumza tulilazimika kupiga kelele, na bibi si mtu wa kupiga kelele.

Benchi ya muuza maji sikuitafuta hata. Tulikwenda moja kwa moja kwenye banda la feri, tukasimama katikati ya watu wa kazini wa asubuhi. Lango lilipofunguliwa umati uliteremka, nasi ukatuchukua. Katikati ya mteremko ndara ya bibi ilimtoka. Akageuka kuiokota. Mtu akisimama pale na kuinama, watu walio nyuma hawamwoni, wanahisi tu kitu miguuni. Nilimshika kiunoni nikamvuta, yeye akanivutia nyuma, na tukawa wawili tunaoyumba kwenye mguu mmoja wa bibi.

Aliyetuokoa ni hamali mwenye mkokoteni wa kreti za soda. Aliukingamiza mkokoteni wake nyuma yetu, watu wakagawanyika. "Piteni kando, mama yangu yuko hapa," akasema, bila kupaza sauti sana, kama aliyezoea. Aliiokota ndara, akaipangusa kwa kiganja, akaiweka mbele ya mguu wa bibi. "Shikamoo, mama. Nani huyu amekuleta kwa miguu saa hizi za watu?"

"Marahaba. Ni mjukuu wangu," bibi akasema, akihema. "Amesoma."

Hamali alinitazama kwa huruma, kama ametajiwa ugonjwa.

Mlima wa upande wa pili ulimshinda. Alikaa kwenye ukingo wa barabara, bibi ambaye hakuwahi kukaa chini mbele za watu, akajifunika goti kwa leso. "Siwezi, mwanangu. Mpigie nduguyo."

"Yuko Ukunda, bibi."

Mara ya kwanza maneno yale yalinitoka kwa urahisi. Mara ya pili nilihisi ladha yake. Nilisimamisha tuktuk ya mtu nisiyemjua. Haikuwa na kibao. Mimi na dereva tulimwinua bibi kwa mabega na mapaja kama gunia, naye akafumba macho mpaka tulipomweka. Jioni goti lilikuwa kama boga.

Ndipo Ijumaa ikaja, na machungwa, na swali la Ukunda, na lile jibu.

Niliyavumilia maswali yangu mpaka Jumatano, siku moja kabla ya kliniki. Alasiri nikaenda steji. Madereva walikuwa wamekaa kwenye tairi kuukuu, wakinywa kahawa. Mmoja, ambaye kila msomi humwita wakili, aliponiona akasema, "Wakili huyo amekuja. Nani ameshtakiwa?"

"Mimi," ndugu yangu akasema, akainuka. "Nimeiba sentensi zake tatu." Wakacheka. Kisha akanifungulia. "Panda nyuma, dada. Nina mteja wa kumchukua kule Shika Adabu, nikikaa hapa kuzungumza atapanda pikipiki."

Nilizungumza na macho yake katika kioo. Nikamuuliza kwa nini alinifichia kwa bibi.

"Nilikuwa na njaa," akasema. "Sipendi ugomvi kabla ya kula."

"Nauliza kweli."

Aliyapita matuta polepole kwanza. "Ujumbe wako ulisema bibi amesema nisije. Bibi. Hukusema wewe. Nilishinda nikijiuliza nimemkosea nini. Pengine nilimkalisha juani Chaani. Pengine dada yake alimwambia neno. Alhamisi ile sikubeba mtu mpaka adhuhuri, niliegesha tu hapo nyuma ya msikiti." Akapiga honi kwa mbuzi aliyesimama barabarani. "Aliponiuliza habari za Ukunda, ndipo nikajua hakunikataa. Nilifurahi hata nikasahau kukasirika. Nilikasirika nilipofika nyumbani, na wewe hukuwepo."

Kati ya majibu yote niliyokuwa nimemtungia, hilo halikuwemo.

"Nilitaka atembee nami kama zamani," nikasema. "Wewe siku zile ulikuwa wakimbia mbele."

"Nani alikwambia nilikimbia?" Macho yake yakanitafuta kiooni. "Bibi alinituma. 'Kimbia ukatazame kama feri ipo.' Kila safari. Nyinyi mwakaa mkunguni mwala achari, mimi nimeshika vyuma nahesabu magari." Akasema taratibu, "Achari hamkuniwekea hata siku moja."

Nilitaka kusema kwamba nilikuwa mtoto. Na yeye alikuwa mtoto, amenizidi siku arobaini tu.

Aliniteremsha karibu na nyumbani. "Kesho saa moja na nusu naja," akasema. "Utamwambia mwenyewe, au utaandika?"

Nilikuwa na namna nyingi za kulisema, na nyingine zilikuwa nzuri kiasi kwamba zingenifanya nionekane ndiye niliyekosewa. Asubuhi nilimsaidia bibi kuvaa, nikamsoma usoni, nikaona nikimwambia ndani ya nyumba nitalia, naye atanibembeleza, na kosa litakuwa limekwisha bila kusemwa. Niliamua nimwambie nje, mbele ya yule niliyemsingizia.

Tuktuk iliingia uani. "Yuwaja," bibi alikuwa amekwisha kusema. Ndugu yangu akataka kushuka, nikamwashiria akae. Nilikitoa kibao chini ya kiti, nikakiweka chini, nikakikanyagia pembeni kisicheze. Bibi akaweka mguu wa kushoto juu yake na mkono begani mwangu.

"Bibi, kabla hujapanda," nikasema. "Siku ile hakwenda Ukunda. Alitaka kuja, nikamwandikia kwamba wewe umemkataza. Wewe nikakwambia yeye ndiye asiyeweza. Ukunda niliitunga mimi. Nilitaka uende nami."

Mkono wake ulikuwa bado begani mwangu. Niliusikia uzito wake, haukuzidi wala haukupungua. Alimtazama ndugu yangu, ambaye alikuwa akitazama usukani. Kisha akanitazama mimi muda mrefu, kama anayetafuta sindano.

"Umenifanya nimdhanie mwenzio hivyo," akasema. "Siku zote hizo nikisema moyoni, mtoto huyu amepata watu wa Ukunda, mimi nimekuwa mzigo."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Katika mafikirio yangu yote, hilo sikulifikia.

"Nisamehe, bibi."

Hakusema amenisamehe. Alipanda, akakaa, akaitengeneza leso. Nilikiinua kibao nikapanda nyuma yake, nikakipakata, kwa kuwa chini ya kiti palikuwa na dumu. Tulitoka uani. Pale palipokuwa na baraza ya fundi cherehani, nikajitia moyo.

"Na jingine, bibi. Ile hadithi ya baiskeli ya babu. Mwisho wake siujui. Hukunimalizia hata siku moja."

Bibi alitazama pikipiki zilizopangwa juu ya saruji mpaka zikatupita. "Mimi leo sina hadithi," akasema. "Muulize nduguyo. Yeye ameusikia."

Nilijua dereva amesikia, kwa kuwa mabega yake yalitulia. Angeweza kuanza mwenyewe. Hakuanza. Alikata kona ya kwenda feri, akajiunga na foleni ya magari, akazima injini.

Wivu ulikuwa palepale. Nilikuwa nimekishika kibao kwa mikono miwili, kidole changu cha kovu juu ya tundu la msumari. Niliinama mbele, nikamgusa begani, nikamwomba anisimulie.